Baiskeli ya Kuegama: Anza na Njia Zako, Baiskeli Ije Baadaye

Kabla hujatazama picha ya baiskeli yoyote, chukua daftari uandike safari zako za wiki moja. Ulitoka wapi ukaenda wapi, ulibeba nini, ulisimama mara ngapi njiani, ulivaa nguo gani, njia ilikuwa lami au mchanga, na ulipofika mwili ulikuuma wapi. Wanaokuja kibandani kwangu Ngamiani kuulizia baiskeli ya kuegama, ile ya kiti chenye mgongo na pedeli mbele yako, huwa nawaomba wakaandike kwanza, kisha warudi. Wapo wanaoona nawazungusha. Lakini ukurasa ule mmoja ndio unaoniambia kama mtu anahitaji ndefu, fupi au ya magurudumu matatu, au kama ile baiskeli ya kawaida ya Phoenix aliyo nayo inamtosha na kinachotakiwa ni kumpandishia kiti sentimita tatu tu.

Mimi ni fundi baiskeli, mwaka wa 31 huu. Mji wa Tanga umezoea baiskeli, kwa sababu ni tambarare, na mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa namba, mtu hapotei. Asubuhi utawaona akina mama na baibui zao wakielekea sokoni Mgandini, watoto wa shule wamebebana kwenye keria, wazee wanarudi msikitini, kila mmoja na kengele yake. Nimeshika Swala, Phoenix, Raleigh na mtumba wa Japani hadi nazitambua kwa mlio. Ya kuegama niliishika mara ya kwanza mwaka 2009, alipofika msafiri wa Kijerumani aliyeingilia mpaka wa Horohoro, cheni yake imekatika. Nilipomaliza kuiunga, akanishikia kiti nikayumbayumba nusu saa, kisha akaniachia niende nayo hadi Raskazone. Kwa miaka mingi vidole viwili vya mwisho vya mkono wangu wa kulia vilikuwa vinakufa ganzi kila nikipanda baiskeli kwa muda mrefu. Siku ile nilikwenda nikarudi, vidole vizima.

Sababu yake ni nyepesi kuieleza. Kwenye baiskeli ya kawaida uzito wako unagawanywa kati ya kiti chembamba, viganja na miguu, na shingo inabidi ikunjwe nyuma ili uone mbele. Kwenye ya kuegama, ambayo wenzetu huiita rikambenti, unakaa kwenye kiti chenye mgongo, pedeli ziko mbele yako, na uzito unabebwa na makalio na mgongo wote. Viganja havibebi chochote. Shingo inakaa kama ya mtu aliyeketi barazani.

Wengi hudhani ni uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1933 mjini Paris, Francis Faure alipanda baiskeli ya kuegama iliyotengenezwa na Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja. Rekodi aliyoipita ilikuwa ya Oscar Egg, kilomita 44.247, iliyowekwa mwaka 1914. Mwaka uliofuata UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, kikaandika upya maana ya baiskeli ya mashindano na ya kuegama ikabaki nje. Ndiyo maana huioni kwenye mbio za runinga. Nalieleza hili kwa sababu mteja akishajua kwamba ilitolewa kwa kanuni, na si kwa kushindwa, anaacha kuiona kama kigari cha wagonjwa na anaanza kuuliza maswali ya maana.

Maumbo, na nani anafaa wapi

Ndefu ni ile ambayo gurudumu la mbele limetangulia pedeli. Kutoka ekseli, yaani chuma cha katikati ya gurudumu, ya mbele hadi ya nyuma ni kama mita 1.6 hadi 1.8. Kiti kimesimama, pedeli ziko chini kidogo ya usawa wa kiti, na miguu inafika ardhini bila taabu. Ndiyo rahisi kuliko zote kujifunza na ndiyo tulivu zaidi kwenye mashimo, maana hukai juu ya gurudumu, unakaa katikati. Taabu yake ni urefu. Kugeuza kwenye kichochoro utashuka uisukume, na ukifika nyumbani haiingii ukumbini bila kuinyanyua upande mmoja. Mtu wa safari za wastani, mwendo wa kuongea na mwenzake, njia iliyonyooka, hii ni yake.

Fupi ni ile ambayo pedeli zimetangulia gurudumu la mbele. Ekseli hadi ekseli ni karibu mita 1 hadi 1.2. Ni nyepesi kuliko ndefu, inakata kona haraka, na inajibu usukani mara moja. Lakini kuna jambo muuzaji hatakwambia: ukikata kona kali huku unakanyaga, kisigino kinaweza kugusa gurudumu la mbele. Ijaribu ikiwa imesimama. Kaa, geuza usukani hadi mwisho, zungusha pedeli polepole uone kisigino kinapita wapi. Mwenye miguu mikubwa aangalie zaidi.

Iko pia fupi ya chini kabisa, ambayo kiti chake kiko sentimita 30 au pungufu kutoka ardhini na mgongo umelala karibu nyuzi 25 kutoka usawa wa ardhi. Hiyo ni ya mwendo kasi. Humkuti mtu wa kunishawishi kwamba inafaa katikati ya mji wetu. Dereva wa bajaji haoni kitu kilicho chini ya kioo chake, na bodaboda anayetokea kichochoroni anaangalia usawa wa kichwa cha mtu. Kama unayo, ipande alfajiri ya Jumapili barabara ya Horohoro, na iwe na bendera.

Kisha za magurudumu matatu. Zipo zenye magurudumu mawili mbele na moja nyuma, na zipo zenye moja mbele na mawili nyuma, kama bajaji. Watu huzichanganya, na tofauti yake ni kubwa. Yenye mawili mbele inashika kona vizuri na breki zake mbili za mbele zinasimamisha kwa nguvu, ila kiti huwa chini, sentimita 25 hadi 35, na kunyanyuka pale kunahitaji goti zima. Yenye mawili nyuma kiti chake mara nyingi kiko juu, unakaa na kunyanyuka kama kwenye kiti cha kulia chakula, na nyuma unapata nafasi ya kapu kubwa. Lakini ukiingia kona kwa kasi inanyanyua gurudumu la ndani. Zote mbili hazikuangushi ukisimama, na unaweza kupanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kuyumba.

Kabla ya kununua ya matatu, pima mlango wako. Nyingi ni kama sentimita 80 kwa upana. Nimewahi kuona mtu ameng'oa fremu ya mlango wa uani ili ailaze baiskeli ndani.

Watu watatu, daftari tatu

Mwalimu mmoja alikuja na daftari linalosema: Pongwe hadi mjini na kurudi, siku tano kwa wiki, lami tupu, mkoba wa madaftari, vituo vichache, shingo na mabega yanauma. Barabara ile ndiyo ya kwenda Segera, inapita malori. Nilimshauri fupi yenye kiti cha urefu wa sentimita 55 na mgongo wa nyuzi 45 hivi. Kwa kimo hicho macho yake yako sawa na dereva wa gari dogo, anawaona na wanamwona, na bado upepo unampita kuliko angekaa wima. Nilimfungia vioo viwili, saiti mira za pikipiki tulizozipunguza shina, kwa sababu mtu aliyeegama hawezi kugeuza kiwiliwili kutazama nyuma. Kioo kwenye baiskeli hii ni sehemu ya breki. Usiipande barabara ya malori bila kioo.

Wa pili ni mama wa Chumbageni anayepeleka sambusa na chapati maofisini. Daftari lake lilikuwa na safari fupi kumi na mbili kwa asubuhi moja, kusimama na kuondoka, na goti la kushoto bovu. Alikuwa ameipenda fupi nyekundu aliyoiona kwenye simu. Nilimweleza kwamba kila kusimama kwenye magurudumu mawili ni kushusha mguu, na kila kuondoka ni kuanza upya kusawazisha mwili, mara ishirini na nne kwa siku na beseni la chakula nyuma. Tulikubaliana magurudumu matatu, mawili nyuma, kiti cha juu.

Na yeye ndiye aliyenifundisha suala la nguo, ambalo nilikuwa silipi uzito. Anavaa baibui. Kwenye baiskeli ambayo pedeli ziko juu kuliko kiti, miguu inanyanyuka na nguo inarudi magotini. Kwenye ile ambayo pedeli ziko chini ya kiti, nguo inakaa. Ni hivyo hivyo kwa mzee anayekwenda Ijumaa na kanzu. Kwa hiyo pima: kaa kwenye kiti, mtu aangalie kwa pembeni ekseli ya pedeli iko sentimita ngapi juu au chini ya kiti. Anayevaa nguo ndefu atafute iliyo sawa au chini, na cheni ipitishwe ndani ya bomba la plastiki tangu mbele hadi nyuma. Bomba lile linazuia pia grisi isiguse nguo na mchanga usiingie kwenye cheni.

Wa tatu ni mimi. Daftari langu ni la safari ndefu: Muheza, Pangani, Horohoro, na mara moja kwa mwaka Lushoto. Hapo ndipo upepo unapoingia kwenye hesabu. Ukishapita kama kilomita 15 kwa saa kwenye tambarare, nguvu zako nyingi zinaliwa na hewa. Miezi ya kusi, kwenda Pangani ni kupigana na upepo uso kwa uso. Kwenye baiskeli nyeusi ya kawaida nilikuwa nafika nimechoka kama niliyebeba magunia. Ukiegama, kifua hakiusimamii upepo, unapita chini yake. Kaskazi ikiingia, mambo yanageuka, njia ngumu inakuwa ya Horohoro. Mtu ambaye daftari lake limejaa safari za namna hii alaze mgongo zaidi, nyuzi 30 hadi 40, na akubali kwamba mjini atapata tabu kidogo.

Mlima

Huku ndiko wauzaji wanakosema uongo mwingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwenye baiskeli ya kawaida, mlima ukizidi unasimama juu ya pedeli na uzito wako unakusaidia. Kwenye ya kuegama huwezi. Umekaa, na kinachosukuma ni miguu peke yake. Tena baiskeli yenyewe ni nzito, kilo 13 hadi 20 kutegemea aina, na ya magurudumu matatu inaweza kuzidi hapo. Mtu anayesukuma pedeli kwa nguvu ya goti, kama tulivyozoea kwenye giya moja, ataharibu magoti yake ndani ya mwezi. Inabidi uwe na giya nyepesi na uzungushe haraka, mizunguko 70 na zaidi kwa dakika, bila kukaza.

Hesabu ni hii. Gawa meno ya sproketi (duara la meno linaloshika cheni) ndogo ya mbele kwa meno ya sproketi kubwa ya nyuma, zidisha kwa inchi za gurudumu linaloendeshwa. Baiskeli nyeusi niliyokulia nayo ilikuwa na meno 44 mbele na 18 nyuma, gurudumu la inchi 28. Jibu ni kama 68, maana yake kila mzunguko wa pedeli unakwenda karibu mita tano na nusu. Kwa Ngamiani ni sawa kabisa. Ya kuegama ninayopanda nayo mlima ina 24 mbele na 34 nyuma, gurudumu la inchi 26. Jibu ni 18, karibu mita moja na nusu kwa mzunguko. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kupanda, barabara inajiviringa ukingoni mwa mlima kupitia Soni, na kwa giya ile nilifika bila kusukuma kwa mkono hata mara moja. Nilikwenda taratibu, nikapitwa na kila kitu. Lakini nilifika magoti mazima, na kushuka kwake ndiko kulikonilipa.

Kama safari zako zote ni mjini na mlima wako mkubwa ni ule mwinuko wa kutoka bandarini, usilipie giya 27. Saba zinatosha. Kama unakwenda Usambara, jibu lako liwe 20 au chini ya hapo, na muuzaji akishindwa kukuhesabia, hesabu meno mwenyewe kwenye picha.

Magurudumu unayoweza kuyapatia tairi

Baiskeli yangu ya kwanza ya kuegama niliinunua kwa haraka, kwa mtu niliyewasiliana naye kwa simu, kwa sababu ilikuwa nyepesi na nzuri. Gurudumu la mbele lilikuwa la inchi 20. Nikasema inchi 20 zimejaa madukani, ni za baiskeli za watoto. Tairi lilipochanika njia ya Amboni ndipo nikajua kwamba kuna inchi 20 mbili. Moja rimu yake ni milimita 406, hiyo ndiyo ya watoto. Nyingine ni milimita 451, nyembamba, na haiingiliani kabisa na ya kwanza. Muuzaji hakunitajia. Baiskeli ilining'inia ukutani wiki saba nikisubiri tairi.

Kwa hiyo usiulize inchi, uliza namba ya milimita iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Kwetu hapa 406 unaipata, 559 unaipata kwa sababu ndiyo inchi 26 ya baiskeli za milimani. Angalia usidanganyike na inchi 26 ya mtumba wa Japani, ile ni 590 na haiingiliani na 559. Gurudumu la 622, la baiskeli za mbio, lina kasi nzuri kwenye lami, lakini weka tairi mbili za akiba nyumbani. Ushauri wangu kwa mtu wa Tanga ni 406 mbele na 559 nyuma, au 406 zote kama ni ya magurudumu matatu.

Upana nao una maana yake. Ukiwa umeegama huwezi kunyanyua makalio unapokutana na shimo au tuta. Pigo lote linafika mgongoni. Tairi ya milimita 28 kwenye njia ya mchanga na kokoto ni mateso. Chukua milimita 40 hadi 50, upepo usijazwe hadi iwe jiwe. Shokapu ya nyuma ni nzuri ukiipata, lakini inaongeza uzito na siku ikivuja mafuta utahangaika. Mimi ningeanza na tairi nene.

Cheni isikutishe. Ni ndefu karibu mara tatu ya kawaida, lakini nafasi ya pini kwa pini ni ile ile nusu inchi, kwa hiyo tunaunganisha cheni mbili na nusu au tatu za dukani. Ila ziwe cheni nyembamba za giya. Ile pana ya Phoenix haipiti kwenye sproketi za nyuma. Kwa chumvi ya hewa yetu, ifute na uipake mafuta kila wiki, na masika kila baada ya mvua.

Mwili wako na kiti

Vua viatu, kaa sakafuni, mgongo na makalio vigusane na ukuta, nyoosha miguu. Pima kutoka ukutani hadi chini ya kisigino. Hiyo ndiyo namba ya kumpa muuzaji. Urefu wako wa kusimama haumwambii kitu, maana wapo warefu wenye miguu mifupi. Baiskeli nyingi za kuegama zina bomba la mbele linaloingia na kutoka kwenye fremu, na ndilo linalobeba pedeli. Likikaa sawa, ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo mbali kabisa mguu unanyooka bila kukaza, na ukiweka sehemu pana ya unyayo, goti linabaki limekunjika kidogo. Bomba likiwa karibu mno, goti linauma mbele. Likiwa mbali mno, linauma nyuma. Na ukilisogeza kwa zaidi ya sentimita chache, cheni nayo iongezwe au ipunguzwe.

Pedeli zilizo juu sana huleta ganzi ya vidole vya miguu, hasa kwa mwenye presha ya chini au mguu uliowahi kuvunjika. Na kuna hatari moja ambayo naisema kila mara: mguu ukiteleza kutoka kwenye pedeli wakati unakwenda, unaanguka chini, ardhi inaushika, baiskeli inaupitia. Kwa magurudumu matatu hatari ni kubwa zaidi pale kiti kinapokuwa chini. Vaa viatu vinavyonasa kwenye pedeli, au nikufungie mkanda wa kisigino. Mimi naukata kwenye tyubu kuukuu ya gari na unashika vizuri. Ndala hapana.

Kwa joto letu, chagua kiti cha wavu. Kile kigumu chenye sponji kina faida kwa anayekimbia, mgongo hauchezi na nguvu haipotei, lakini saa tano asubuhi utakuwa umelowa kuanzia mabegani hadi kiunoni na sponji inanuka ndani ya mwezi. Wavu unapitisha hewa. Angalia tu kamba zake zinaweza kukazwa, maana utalegea.

Jua pia linakupiga pengine. Sehemu ya juu ya mapaja na muundi, ambazo kwenye baiskeli ya kawaida zina kivuli, sasa zinatazama juu. Suruali nyepesi na kofia yenye ukingo.

Usukani upo wa juu, mbele ya kifua, na wa chini, mikono ikining'inia kando ya nyonga. Wa chini unapumzisha mabega kuliko kitu chochote nilichowahi kupanda, na kwa mtu mwenye shingo mbovu nampa huo. Wa juu ni rahisi kujifunza na unapita kwenye nafasi nyembamba. Shika yote miwili kabla ya kuamua.

Ukiipata ya mtumba

Mpya huagizwa nje: ICE wanatengeneza Uingereza, HP Velotechnik Ujerumani, Azub Jamhuri ya Czech, Catrike Marekani. Bei yake inawazidi wengi wetu, kwa hiyo nyingi zinazofika kwangu zimeshatumika. Tazama kwanza pale bomba la mbele linapobanwa na fremu. Nyufa huanzia hapo, nyembamba kama unywele, chini ya rangi iliyovimba. Shika puli inayopitisha cheni chini ya kiti uitikise. Ikicheza, beringi imekwisha, na meno yakiwa makali kama ya papa, badilisha. Zungusha usukani ukiwa umeinua mbele, usikie kama kuna mkwaruzo. Kutu ya juu juu isikuogopeshe kwenye fremu ya chuma. Kutu inayotoka ndani ya bomba, iache.

Kisha omba uipande saa nzima. Siyo kuzunguka duka. Makalio hayasemi kitu dakika kumi za kwanza. Maumivu ya kiti kilicholala vibaya huanza baada ya dakika 40, na ganzi ya vidole hata baadaye. Muuzaji anayekataa saa moja, mwachie baiskeli yake.

Kwa kujifunzia, viwanja vya Tangamano asubuhi na mapema vinafaa. Weka giya nyepesi, nyanyua pedeli moja iwe juu kidogo mbele, mgongo uulaze kitini, macho yatazame mbali, kisha sukuma kwa mguu huo na uunyanyue wa pili bila kusita. Wengi hukosea kwa kuinua kichwa na mabega kutoka kwenye kiti. Ukishafanya hivyo usukani unakazwa na baiskeli inayumba. Mikono iwe laini. Siku tatu utaanguka au utakaribia kuanguka, wiki ya pili utakata kona, na barabara yenye magari uiache hadi uweze kuanza kwenye mwinuko mara kumi bila kushusha mguu. Mwalimu wa Pongwe alichukua siku kumi na sita.

Ukishapanda wiki mbili, irudishe kwa fundi. Miguu itakuwa imeshazoea kuzungusha na utahitaji bomba la mbele kusogezwa sentimita moja mbele, wavu utakuwa umelegea, cheni mpya imejinyoosha. Njoo nayo kabla ya saa tatu asubuhi, jua likiwa halijafika upande wa kibanda changu, ukae kivulini juu ya kiti chako mwenyewe nikupime tena.